Mugonjwa Anarudi Nyumbani: Nani Amefundishwa Kumutunza?

Kolwezi, Manika. Siku ya kazi tano, saa nane za muchana, mama mukubwa wangu alitoka hospitali. Deni lote lilikuwa limelipwa, nyuma ya kuuza friji na kukopa kwa watu watatu. Tulimuingiza katika taksi, tukaweka mutungi wa maji na blanketi yake juu ya magoti, tukaondoka tukiwa na furaha. Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, na kidonda kidogo chini ya muguu wa kuume. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka.

Mukononi nilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fakture, yenye muhuri. Ya pili ilikuwa ordonansi, mistari sita ya Kifaransa kwa mwandiko wenye sikuweza kusoma. Kwa ile fakture, mutu wa kasi alinieleza mustari kwa mustari, kwa Kiswahili kizuri, mupaka nikaelewa kila faranga inaenda wapi. Kwa ile ordonansi, hakuna mutu aliyenieleza kitu.

Nyumbani, mwenye alibaki naye ni mujukuu wake, musichana wa miaka 17. Siku ya tatu muguu ulianza kuvimba. Yule musichana akafanya kile kila mutu wa avenue yetu angefanya: akapasha maji juu ya brazeri, akatia chumvi, akaingiza muguu wa kambo yake ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya moto sana. Kambo hakulalamika. Watu wenye sukari ya siku nyingi, mara nyingi miguu yao inakufa ganzi. Hawasikii moto, hawasikii musumari ndani ya kiatu. Wakati musichana alitoa ule muguu katika maji, ngozi ilibaki ndani ya beseni.

Nyuma ya siku 11 tulirudi kwenye hospitali ileile. Tukalipa kosyo tena kama vile watu wapya. Safari hii muguu ulikatwa chini ya goti.

Sitaji jina la ile hospitali, na si kwa woga. Ninaandika kwa sababu tangu niliposimulia habari hii kwa majirani, sijapata familia moja katika kartier yetu ambayo haina ya kwake. Mama aliyepasuliwa wakati wa kuzaa, kisha kidonda kikafunguka nyumbani sababu siku ya nne alirudi kuchota maji. Baba wa presha aliyeacha vidonge alipojisikia muzima, akaanguka katika choo. Mutoto aliyepewa damu, akarudi nyumbani, na nyuma ya mwezi mmoja akahitaji damu tena. Katika kila habari, kazi ya hospitali ilifanywa. Kilichokosekana ni kazi ya nyumbani, na kazi ya nyumbani haina mutu aliyefundishwa kuifanya.

Wacha niseme wazi ninachofikiri. Kabla ya kujenga pavillon ingine, Manika inahitaji kufundisha na kulipa watu wa kufuata wagonjwa nyumbani kwao, na kumufundisha yule tunayemuita garde-malade kabla hajavuka mulango wa hospitali pamoja na mugonjwa wake.

Garde-malade ni nani? Kila mutu aliyelazwa katika inchi hii anamujua. Ni yule anayelala chini kwenye mukeka pembeni ya kitanda. Anapika bukari inje, anafua mashuka, anakimbia farmasi usiku, anamugeuza mugonjwa, anamupeleka kwenye choo, anaita munganga wakati seromu inaisha. Bila yeye hospitali zetu zingesimama siku moja tu. Anakaa pale wiki mbili, wiki tatu, mbele ya macho ya wauguzi, mikono yake ikiwa haina kazi kwa masaa mengi. Na hakuna mutu anayefikiri kutumia ile wiki tatu ili kumufundisha namna ya kuosha kidonda, namna ya kuangalia muguu, dawa gani ni ya asubuhi na gani ni ya magaribi, na ni alama gani inasema: usingoje kesho, rudi leo.

Jambo hili linawezekana. Huko India, shirika la Noora Health limefanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya kumi: muuguzi anakusanya familia za wagonjwa katika chumba cha hospitali, anawafundisha kwa picha na kwa kufanya, wanajaribu wao wenyewe mbele yake, kisha wanarudi nyumbani na ujuzi. Hakuna mashine kubwa ndani yake. Kuna muuguzi mwenye amepewa saa moja ya kazi hiyo na mwenye amefundishwa kufundisha. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, sababu masomo ya uuguzi yanafundisha kuchoma sindano vizuri, lakini kumueleza mama asiyejua kusoma kwa nini vidonge vya presha havina mwisho, ni ufundi mwingine.

Kuna ufundi mumoja mudogo ambao ningependa kila muuguzi wa muji huu aujue. Ukiisha kueleza, usimuulize mutu, "Umeelewa?" Kwetu sisi kila mutu atajibu ndiyo, kwa heshima, kwa haya, kwa haraka ya kwenda nyumbani. Mwambie: "Mama, nikija kwako kesho asubuhi, utanionyesha namna gani unatoa dawa hizi?" Akikosea, wewe njo haukueleza vizuri, unaanza tena. Na ueleze katika luga ya yule mutu. Hapa Kolwezi kuna wazee wa Cokwe, wa Ndembo, wa Sanga, kuna mama waliotoka Kasai na Ciluba chao. Kifaransa cha ordonansi ni cha wanganga wenyewe kwa wenyewe.

Sasa, wengine watasema: mukiwafundisha watu kutunza wagonjwa nyumbani, kila mutu atajifanya dokta. Ninajua woga huo, na nitajibu kwa kuuliza swali: ni nani anaweka seromu katika nyumba za kartier leo? Tembea Kanina, tembea Luilu ao Musonoi saa mbili za usiku. Utaona chupa ya seromu imefungwa kwenye musumari wa ukuta ao kwenye mubao wa dirisha, na kijana mwenye sakoshi anahesabu matone kwa mwangaza wa simu. Wengine kati yao walimaliza shule ya ITM. Wengine walifagia tu katika dispansere miaka miwili, wakaangalia. Familia zinawaita kwa sababu wanakuja, wanasalimia kwa heshima, wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Matunzo ya nyumbani yako tayari katika Manika, ndugu musomaji, na yamekuwako kwa muda murefu. Kitu hayana ni mafundisho, daftari, na mukubwa wa kuyasimamia.

Mimi mwenyewe nimemuita mumoja wao, sitajificha. Homa ya mutoto, usiku, umeme umekatika, moto ya kwenda hospitali inaomba bei mara mbili. Alikuja. Alikuwa na roho nzuri na sindano isiyokuwa katika karatasi yake. Nilimulipa na nikamurudisha bila kuchoma. Kama angekuwa na kibali, kifaa cha kupima malaria, na simu ya muuguzi mukubwa wa sentre, ningelala usingizi.

Turudi kwa wale watoto wa damu, sababu hapo kuna ushuhuda wenye nguvu, na unatoka kwa majirani zetu. Mutoto akipata malaria kali, damu inapunguka sana, wanamupa damu ya mutu mwingine, anafungua macho, anakula, wanamutoa. Anarudi kwenye nyumba ileile yenye mbu walewale, na mwili wake bado unatengeneza damu mupya. Miezi mitatu inayofuata ni ya hatari kubwa. Wachunguzi walifuata watoto 1,049 katika hospitali tisa za Kenya na Uganda. Nusu walipewa dawa ya kuzuia malaria, siku tatu kila mwezi, mara tatu nyuma ya kutoka hospitali. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika ile miezi mitatu, vifo na kurudi hospitali vilipunguka kwa asilimia 70 kwa wale wa kwanza. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 2020, na katika mwaka wa 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likaanza kupendekeza namna hiyo ya matunzo.

Lakini kipande kinachonigusa zaidi kinatoka Malawi. Huko walijiuliza: tuwape mama dawa zote za miezi mitatu wakati wanatoka, ao tuwaambie warudi hospitali kila mwezi kuzichukua? Waliozipata zote mukononi njo walizitoa vizuri zaidi. Mama wa kijiji, akielezwa vizuri, alikuwa mutunzaji mwaminifu kuliko foleni ya hospitali. Wenye kusema familia zetu haziwezi, wafikirie hilo. (Na tafazali, musomaji, usikimbie farmasi kununua hiyo dawa kwa mawazo yako. Muulize dokta wa mutoto.)

Uganda ilikuwa na ujasiri wa kupita hapo. Mwaka wa 1993 Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, ili watu wa kansa na wa ukimwi wasife kwa maumivu katika nyumba zao. Wauguzi walienda mulango kwa mulango na morfini ya maji, ya kunywa. Madokta walikuwa wachache sana, kwa hiyo mwaka wa 2004 sheria ilikubali wauguzi waliofundishwa kwa kazi hiyo waandike morfini wao wenyewe. Dawa ile ambayo kwetu inafungwa na funguo mbili, kule muuguzi anaibeba mupaka kwenye kitanda cha mugonjwa. Hawakuanza kwa kumupa kila mutu; walianza kwa shule.

Na hapa Kongo? Hatuna sababu ya kujidharau. Inchi yetu iligawanywa katika zoni za afya, leo ni 519, na Manika ni moja kati yao. Kila zoni ina aire zake, kila aire ina sentre na infirmie titulere, na ina wale watu wa jamii tunawaita RECO. Karatasini, mupango wa kufikia kila nyumba upo zamani. Kinshasa, tangu 2010, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi walianza kugawiana dawa zao katika vituo vya mutaani vinavyoitwa PODI, wakisimamiwa na wenzao waliofundishwa, pasipo kupanga foleni hospitali. Wale wa Club des Amis Damien, watu ambao wao wenyewe waliponya kifua kikuu, wanafuata wagonjwa ili wamalize miezi sita ya vidonge. Katika muji wa wachimbaji kama wetu, wenye vumbi ya mashimo na nyumba za watu wanane katika chumba kimoja, kazi hiyo ya kifua kikuu peke yake ingetosha kunipa sababu ya kuandika.

Wazee wa Gécamines, na mbele yao wazee wa Union Minière, watacheka wakinisoma. Katika kambi za kampuni, mama wa sosyali alipita nyumba kwa nyumba, akaangalia mutoto, akaangalia sufuria, akauliza kwa nini haukuleta mutoto kupimwa. Kulikuwa ndani yake ubwana mwingi wa kikoloni, nisisifu kupita kiasi. Lakini mutu aliyetoka hospitali hakupotea. Kampuni ilipoanguka, na zaidi sana wakati wa "départ volontaire" wa 2003, ambapo wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka, ile njia ya kumufuata mutu mupaka nyumbani ilizimika kwao, na hakuna mwingine aliyeiwasha.

RECO wetu wangeweza kuiwasha, lakini tuseme kweli juu yao pia. Tunawapa jile siku ya chanjo, tunawapa sauti ya megafoni, tunawapa shukrani. Mushahara hatuwapi. Mama mumoja RECO aliniambia kwamba anatembelea nyumba zake siku ambazo hauzi sombe sokoni, na sokoni anaenda siku sita. Namna gani nimulaumu? Kenya, mwezi wa 9 mwaka 2023, ilituma wahamasishaji wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 wakiwa na sakoshi za vifaa na malipo kidogo ya kila mwezi. Tanzania ilianza mwaka 2024 mupango wa kufundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, kwa masomo ya miezi sita. Mipango mikubwa namna hii ina matatizo yake, na malipo ya Kenya yamechelewa mara nyingi. Lakini wameacha kufikiri kwamba matunzo ya nyumbani ni kazi ya kujitolea ya mama masikini.

Nani atalipa hapa? Ninasikia swali hilo kila mara, na katika muji huu linanichosha kidogo. Sisi ndio muji wa kobalti. Sheria ya migodi ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi ya migodi iende kwa utawala wa chini kabisa mahali shimo liko, yaani komini, sekta ao ushefu. Inasema pia kampuni iweke 0.3% ya mauzo yake yote katika maendeleo ya watu wanaoizunguka. Kila mwaka tunaona ubao mupya: jengo fulani limejengwa na feza ya redevansi. Majengo yanaonekana, yanakatwa utepe, yanapigwa picha. Muuguzi anayetembea kwa muguu kuangalia kidonda cha muzee katika Kasulo hapigwi picha. Njo maana, ninafikiri, hayuko katika bajeti.

Kuna sababu ingine, na hii wanganga wenyewe wataielewa. Hospitali yetu inaishi na feza ya mugonjwa. Akirudi, analipa kosyo tena, kitanda tena, dawa tena. Sisemi kuna mutu anataka warudi. Nimeona wauguzi wakilia pamoja na familia. Ninasema mufumo haupoteze kitu mugonjwa akirudi. Anayepoteza ni friji yangu. Huko Marekani waliona jambo hilohilo, na tangu mwezi wa 10 mwaka 2012 bima ya serikali ya wazee ilianza kukata malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wao wengi wanarudi ndani ya siku 30. Hapo hospitali ziliamka, zikaanza kupiga simu nyumbani, kutuma wauguzi, kufundisha familia. Wachunguzi wengine wameuliza kama adhabu hiyo haikufanya hospitali fulani ziogope kuwapokea watu waliohitaji kurudi, na swali hilo ni la haki. Siombe adhabu kwa hospitali zetu zenye wakati mwingine hazina hata glovu. Ninaomba kitu kidogo zaidi: zihesabu. Kila sentre na kila hospitali ya Manika iandike katika rejista mugonjwa yupi amerudi ndani ya mwezi mumoja na kwa sababu gani. Haiombe feza, inaomba kolone moja zaidi katika kitabu.

Kisha zoni ichague aire mbili ao tatu kwa kuanza. Kila mwaka vijana wanatoka ITM na ISTM Kolwezi na diploma zao, na wengi wanauza kredi ya simu pembeni ya barabara. Wachukuliwe wachache, wafundishwe miezi mitatu juu ya vidonda, sukari, presha, mama aliyezaa, mutoto mudogo aliyezaliwa kabla ya wakati, namna ya kueleza na namna ya kusikiliza. Wapewe baiskeli ama feza ya moto. Wamutembelee kila aliyetoka hospitali mara ya kwanza ndani ya siku tatu, mara ya pili kabla ya wiki mbili kuisha. RECO wa mutaa awapeleke, naye alipwe. Yule kijana wa sakoshi na seromu, kama anakubali kusoma na kuacha sindano zake za giza, aingizwe pia. Afazali tumujue kuliko kumufukuza akaendelea usiku.

Ninajua hatari moja ya mapendekezo yangu. Mara tu kunapokuwa na matunzo ya nyumbani, kuna mukubwa fulani atakayesema basi mugonjwa atoke mapema, kitanda kinahitajika. Mugonjwa ambaye hajapona asitumwe nyumbani kwa jina la mafundisho. Na mutu asiyekuwa na nyumba yenye maji, ama anayeishi peke yake, hawezi kutunzwa na ujuzi ambao hakuna wa kuutumia. Hilo ni kazi ya serikali, si ya mujukuu.

Yule mujukuu, siku walipokata muguu wa kambo, alikaa inje ya hospitali mupaka usiku. Alikuwa anasema neno moja tu: ni mimi. Tulimuambia hapana, hakuna mutu alikuonyesha. Hakutaka kusikia. Kwa hiyo siku ya kutoka mara ya pili nilikataa kuondoka. Nilikaa pale mulangoni mupaka muuguzi mumoja, mama wa makamo mwenye subira, akamuita yule musichana, akamufungulia kidonda, akamuonyesha: maji ya kuchemsha yaliyopoa, jaribu kwanza kwa kiwiko chako, osha hivi, kausha kati ya vidole vya muguu uliobaki, uangalie chini kila magaribi na kioo. Ilichukua dakika 20. Kisha akamuambia afanye yeye mwenyewe, na akafanya.

Sasa kambo anakaa kwenye kiti chake chini ya muembe, anaagiza watu. Muguu wa pili ni muzima. Majirani wawili tayari wamemuita yule musichana aangalie vidonda vya watu wao, na kila mara anawaambia kwanza waende sentre. Ameniomba nimutafutie mahali pa kujifunza kazi hii. Nimeuliza katika nafasi tatu, na bado sijapata.